Kauli Ambayo Nazeli Hakuifuta

Watu wengi wanaomkumbuka Bintimfalme Nazeli wanamkumbuka kwa kofia zake. Mimi namkumbuka akiwa amepiga magoti chumbani kwa Bibi Geeske, kofia kaitupa kitandani, kidole kakiingiza kwenye ufa wa ukuta mpaka pingili ya pili.

Naitwa Fenna Tuinstra. Nilianza kwa kumfundisha Kiholanzi, kisha nikawa katibu wake kwa miaka sita. Kwetu ni Groningen, kaskazini kabisa mwa nchi, ambako mtu akila chakula kitamu kupita vyote alivyowahi kula, atakachosema ni kwamba kingeweza kuwa kibaya zaidi. Hatupendi makuu. Ndiyo maana nilipopewa kazi ya kumfundisha mchumba wa mwanamfalme, mama yangu aliniuliza kama nimekosa shule ya kufundisha.

Nazeli alizaliwa Gyumri, huko Armenia, na akaja chuo cha Delft akiwa na miaka ishirini na miwili kusomea majengo: yanavyosimama, na kwa nini yanaanguka. Alikutana na Mwanamfalme Diederik kwenye karamu ya wanafunzi. Neno la kwanza alilomwambia ni kwamba ashuke upesi kwenye roshani aliyosimama, kwa kuwa vyuma vyake vimeliwa na kutu. Diederik alishuka. Baada ya miaka mitatu wakaoana.

Siku ya harusi kazi yake ya uhandisi ilikwisha. Mke wa mwanamfalme hakai ofisini kupiga hesabu za nguzo. Anafungua vitu. Nazeli alifungua maktaba, wodi za hospitali, maonyesho ya farasi, na mara moja choo cha umma huko Zeeland kilichokuwa kimepata tuzo ya usanifu. Alifungua vyote kwa bidii ileile, kwa Kiholanzi alichokuwa amekifanyia mazoezi asubuhi hiyo ndani ya gari, mimi nikiwa pembeni. Redioni kulikuwa na mchekeshaji aliyekuwa akiiga lafudhi yake kila Jumamosi. Nazeli alikuwa akimsikiliza akiwa na penseli mkononi, akiandika makosa aliyodakwa nayo.

"Huyu bwana ananifundisha kuliko wewe," aliniambia. "Na haniombi hata ahsante."

Kitu kimoja kilimshinda kuzoea. Nchini kwetu, neno la mtu wa ukoo wa kifalme ni mzigo wa waziri. Akisema jambo lenye ubishi, waziri ndiye anayesimamishwa bungeni kulijibu. Kwa hiyo hasemi. Anatabasamu, anauliza watoto wangapi, anapokea maua. Nazeli alilijua hilo kabla ya kuolewa, akalikubali, na kwa miaka mitano hakuteleza hata mara moja.

Mwezi wa pili wa mwaka wa sita tulikwenda Oldewierd, kijiji kidogo kilichokaa juu ya kilima chake cha udongo katikati ya mashamba ya viazi-sukari, kanisa juu, nyumba zimelizunguka. Kinanda cha kanisa kilikuwa kimekarabatiwa. Ratiba ilisema saa nne kanisani, saa tano kasoro robo kahawa nyumbani kwa mkazi mzee kuliko wote, nusu saa, kisha kuondoka. Mkazi huyo ndiye Geeske Wiersema, mjane wa miaka themanini na moja, mfupi, mikono mikubwa kama ya mkamua ng'ombe, na ndivyo alivyokuwa.

Chini ya mashamba yale kuna gesi. Imevutwa kwa zaidi ya miaka hamsini, imepasha joto nchi nzima, na ardhi iliyoachwa tupu ikaanza kushuka, kisha kutetemeka. Oldewierd nzima ilikuwa imejaa magogo ya kuegemeza kuta. Kamati ya mapokezi ilikuwa imeyafunga utepe wa rangi ya chungwa, rangi ya ukoo wa kifalme, ili yapendeze.

"Karibu, Mtukufu," Bibi Geeske alisema mlangoni. "Viatu usivue. Sakafu yenyewe haijaamua kama inakaa au inaondoka."

Watu wote tulicheka, pamoja na mwandishi wa gazeti la mkoa aliyekuwa nyuma yetu. Nazeli hakucheka.

"Inaondoka kuelekea wapi, bibi?"

"Twende nikuonyeshe. Ila kitanda sijatandika."

Chumba cha kulala hakikuwa kwenye ratiba. Nilikohoa. Nazeli alinisikia vizuri sana, akampita Bibi Geeske na kuingia. Ufa ulianzia sakafuni nyuma ya kitanda, ukapanda kwa ngazi ngazi kufuata matofali, ukapotelea darini. Hapo ndipo alipotupa kofia.

"Nani amekuja kuukagua?"

"Kijana mmoja wa kampuni ya gesi, mwenye viatu vya kung'aa. Alikaa dakika kumi na mbili, nilimhesabia kwa saa ya ukutani. Akaandika kwamba nyumba imezeeka."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mimi pia nimezeeka, lakini sijapasuka."

Nazeli aliinuka, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, juu, chini, kushoto, akisikiliza. Akatoka nje kwenye upepo bila koti, akautazama ukuta ule kwa upande, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nilikuwa nimemwona kwenye mamia ya sherehe, na sikuwahi kumwona akiwa yeye mwenyewe namna ile.

"Bibi," alisema, "kitanda hiki kitoke humu leo. Usilale tena chumba hiki."

Alisema polepole, kila neno limekaa mahali pake. Mwandishi wa gazeti aliandika.

Kisha Nazeli akaomba jasi kidogo na kipande cha kioo chembamba. Jirani, mkulima aitwaye Reint, alikimbia kuleta jasi kutoka ghalani kwake. Kioo hakikupatikana mpaka Bibi Geeske alipoishusha picha ya marehemu mumewe, Derk, akaitoa kwenye fremu. "Atavumilia vumbi," alisema. "Alikuwa mvumilivu." Nazeli akakata kipande, akakibandika kwa jasi kukatisha ufa, upande huu na upande ule, akaandika tarehe ukutani kwa penseli.

"Kikipasuka, ukuta unatembea," alimwambia. "Kisipopasuka, mimi ni muongo, na utanitangaza."

Tuliondoka tumechelewa dakika hamsini.

Asubuhi iliyofuata maneno yake yalikuwa ukurasa wa kwanza, na kufika mchana yalikuwa kila mahali. Kampuni ilisema wakaguzi wake ni wataalamu. Wabunge walitaka kujua kama serikali sasa inakubali kwamba nyumba za Groningen si salama, kwa kuwa mtu wa ukoo wa kifalme amesema. Waziri alikuwa hajasema hivyo na hakukusudia kusema hivyo.

Mimi niliitwa ofisini kwa Bwana Van Heemswijk, aliyekuwa akisimamia habari za kasri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupanga mambo, na jambo hili lilikuwa limempangukia. Alinisogezea karatasi mbili. Moja ilikuwa ya Nazeli kutia saini, ikisema kwamba maneno yake hayakueleweka, kwa kuwa Kiholanzi si lugha aliyozaliwa nayo, na kwamba alikusudia tu kusema chumba kina baridi mno kwa mtu mzee. Ya pili ilikuwa tupu.

"Wewe ndiye mwalimu wake, Fenna. Ukithibitisha kwamba bado anachanganya maneno, watu watakuamini, na yeye atatoka salama. Mistari minne tu."

"Lakini hakuchanganya."

"Unataka kumsaidia au unataka kuwa sahihi?"

Sitajitetea. Nilikuwa nimezoea kutii, na nilijiambia kwamba namwokoa. Niliandika ile mistari minne, nikatia saini.

Jioni ile nilimpelekea Nazeli karatasi zote mbili. Alikuwa jikoni kwake, The Hague, na Diederik alikuwa akikaanga mayai. Nazeli alisoma ya kwanza, akaiweka kando. Akasoma yangu. Akaisoma tena. Kisha akachukua kalamu nyekundu ileile niliyokuwa nikimsahihishia, akapiga mstari chini ya neno moja.

"Sentensi ya namna hii inapeleka kitenzi mwisho," alisema. "Ulinifundisha wewe. Uliandika kwa haraka?"

Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

"Mimi hii siisaini," alisema, akimgeukia Diederik. "Naweza kunyamaza. Nimeahidi kunyamaza na nitanyamaza. Lakini nililolisema silifuti."

"Watakufungia nyumbani," Diederik alisema. "Wataondoa kila kitu kwenye kalenda yako."

"Utanilaumu?"

Diederik alizima jiko. "Ulinishusha kwenye ile roshani," alisema, "na mwezi uliofuata ilianguka na vyungu vyote vya maua. Mimi nitakulaumuje?"

Ilikuwa kama alivyosema. Nazeli alipokataa, Van Heemswijk alifuta ziara zake zote mpaka mwisho wa kiangazi. Na kwa kuwa hakupata karatasi yake, aliitoa yangu. Magazeti yaliandika: Mwalimu wake mwenyewe asema hakueleweka. Yule mchekeshaji wa redioni alitengeneza kipindi kizima. Nazeli hakunifukuza, wala hakuligusa tena jambo lile. Alinikabidhi tu kalenda, siku zote tupu, akasema, "Vizuri. Sasa nina Alhamisi zangu. Tafuta treni ya kwenda Groningen."

"Kufanya nini? Hawajakuruhusu kufanya ziara yoyote."

"Si ziara. Naenda kunywa kahawa kwa mtu ninayemfahamu. Hilo nalo lina waziri wake?"

Alhamisi ya kwanza tulikuta kitanda bado kiko palepale.

"Nimelala humu miaka hamsini na tisa," Bibi Geeske alisema. "Derk alifia humu. Siendi kulala sebuleni kama mgeni kwa sababu ya neno la mtu aliyekuja mara moja."

"Basi leo nimekuja mara ya pili," Nazeli alisema. "Shika upande huo, Reint."

Walikibeba kitanda, yeye na Reint na mlinzi wake, huku Bibi Geeske akiwafuata nyuma akitukana kwa Kigroningen, lugha ambayo Nazeli hakuwa amefundishwa. Nilipoombwa kutafsiri nilisema bibi anashukuru.

"Mwongo," Bibi Geeske alinijibu, na kwa mara ya kwanza nikawaona wote wawili wakicheka pamoja.

Waandishi walikuwa wanangoja nje ya uzio. Mtukufu, umekuja kufanya nini? "Nimekuja kunywa kahawa." Bado unaamini nyumba si salama? "Kahawa ilikuwa nzuri." Alhamisi ya pili waliuliza yaleyale, akajibu yaleyale. Ya tatu pia. Mvua ya barafu ilikuwa ikinyesha kwa ubavu siku hiyo ya tatu, kamera zimefunikwa kwa mifuko ya plastiki, naye alisimama kuwajibu kila mmoja kwa adabu: kahawa, kahawa, kahawa. Kile kioo kilikuwa kimepasuka siku mbili kabla. Hakulisema hilo. Bibi Geeske ndiye aliyelisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Alhamisi ya nne tulikuwa mezani, saa sita na nusu mchana, supu ya haradali kwenye sahani. Kwanza nilisikia mlio, kama lori zito limepita chini yetu badala ya kupita barabarani. Kisha vijiko vikaanza kugongana ndani ya droo. Bibi Geeske alishika sufuria kwa mikono miwili, kimya, kama mtu anayemshika ng'ombe mkorofi. Haikuzidi sekunde tano. Ilipotulia, nilimtafuta Nazeli nikamkuta amesimama chini ya fremu ya mlango, mikono ameibana kwenye mbao pande zote mbili, midomo haina rangi. Hakuwa nasi pale.

Bibi Geeske alitua sufuria. Akamwendea, akamwondoa vidole kwenye mbao kimoja kimoja, akamkalisha.

"Wewe umeshaona kubwa kuliko hii," alisema.

Nazeli alitikisa kichwa kukubali.

"Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na homa, sikwenda shule. Mdogo wangu Arev alikwenda. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Nyumba yetu ya mawe, ya babu, ilisimama. Shule ilikuwa mpya. Baba alikuwa fundi mwashi, bibi. Hmayak, fundi aliyejulikana. Mwaka mmoja kabla alikwenda kurekebisha dirisha la shule ile akaona ufa kwenye ukuta wa ngazi. Akamwambia msimamizi. Msimamizi akamwambia wataalamu wameshakagua, na kwamba fundi kama yeye asiwatie watu hofu. Baba alikuwa na watoto watatu na kazi moja. Akanyamaza."

"Na Arev?"

"Walimtoa siku ya tatu. Baba ndiye aliyemtoa, kwa mikono yake. Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo na sikumbuki kama aliwahi kumaliza sentensi."

Supu ilikuwa imepoa. Bibi Geeske alimshika Nazeli nyuma ya shingo, kama anavyoshikwa mtoto, akakaa naye hivyo.

"Na huyu?" aliuliza, akininyooshea kidevu. "Alijua hayo alipoandika yale ya gazetini?"

"Hakujua," Nazeli alisema.

"Angejua asingeandika?"

Wote wawili walinitazama. Hapakuwa na ukali kwenye macho yao, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilivaa koti nikatoka mpaka kwenye uzio. Yule mwandishi wa gazeti la mkoa, aliyekuwapo tangu siku ya kinanda, alikuwa amejikunyata kwenye gari lake. Niligonga kioo cha gari.

"Niliandika uongo," nilimwambia. "Bintimfalme hakukosea neno hata moja. Mimi ndiye mwalimu wake, na ninakwambia alisema alichokusudia kusema. Jina langu unalo. Andika."

Van Heemswijk alinipigia simu tukiwa bado tunangoja treni. Kazi yangu ya kasri iliishia pale, kwenye benchi la kituo cha Loppersum, mlinzi akijifanya anasoma ratiba ya treni. Nazeli aliniuliza nitafanya nini Alhamisi ijayo. Nikasema sina kazi. "Basi una nafasi," alisema. "Njoo kunywa kahawa."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Reint alikuja na kioo chake mwenyewe, akataka kuonyeshwa namna ya kukibandika. Wiki iliyofuata walikuja wanne. Kisha mwalimu wa shule ya msingi, kisha mchungaji, kisha wakulima wa upande wa pili wa mfereji ambao kwa miaka thelathini hawakusalimiana na Reint kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nazeli hakusema neno kuhusu gesi, wala kampuni, wala serikali. Alikuwa anakoroga jasi kwenye ndoo, anaonyesha, anakwenda nyumba inayofuata. Picha zake gazetini sasa zilikuwa za mwanamke mwenye kilemba cha kitambaa na jasi mpaka kwenye viwiko, na waziri alipoulizwa bungeni bintimfalme anafanya nini huko, alilazimika kujibu kwamba kwa ufahamu wake anakunywa kahawa. Bunge zima lilicheka.

Kufikia mwezi wa tano vioo vilikuwa kwenye nyumba sitini na mbili. Arobaini na moja vilikuwa vimepasuka. Mwalimu wa shule aliwaweka wanafunzi wake kuandika tarehe za kila kimoja, wakachora ramani, wakaituma chuo kikuu. Profesa mmoja mstaafu alikuja kuiangalia ramani kwa udadisi tu. Alikaa siku nne. Aliporudi alikuja na wenzake saba na vyombo, na safari hii hakuna aliyeingia nyumbani kwa mtu kwa dakika kumi na mbili.

Ripoti yao ilisomwa kanisani mwezi wa saba. Nyumba thelathini ziimarishwe. Kumi na moja zibomolewe, wakazi wajengewe nyingine. Ya kwanza kwenye orodha ya zile kumi na moja, iliyopigwa marufuku kulalwa kuanzia siku hiyohiyo, ilikuwa ya Bibi Geeske Wiersema. Ukuta ule wa chumba, walisema, ulikuwa umeshikiliwa na mazoea tu.

Watu walimpigia Nazeli makofi. Alikuwa amekaa nyuma, benchi la mwisho. Hakuyapokea. Alikuwa anamtazama Bibi Geeske, ambaye aliinuka, akapita katikati ya watu, akasimama mbele yake.

"Umeridhika?" Bibi Geeske alisema.

Hakungoja ajibiwe.

"Nilitaka waseme kwamba ufa ni wao. Nilitaka waje waurekebishe. Sikutaka nyumba yangu ibomolewe! Kama ungekunywa kahawa yako siku ile ukaondoka, ningekuwa nayo mpaka nife. Nina themanini na moja. Ilikuwa inatosha kunifikisha!"

"Huenda," Nazeli alisema. "Na huenda isingetosha."

"Hilo lilikuwa langu kuamua."

"Kweli, lilikuwa lako. Nami ningesema vilevile, bibi. Hata ningejua utanichukia."

"Basi nakuchukia," Bibi Geeske alisema, akatoka.

Kwenye treni Nazeli alilia kuanzia Groningen mpaka Zwolle, mwendo wa saa nzima, waziwazi, mbele ya abiria. Mlinzi alimpa leso yake. Nilimwambia pengine Alhamisi ijayo tupumzike. Akapenga kamasi, akanitazama kama nimesema Kichina.

"Kuna nyumba ya kuhamisha," alisema.

Alhamisi ile Bibi Geeske, ambaye sasa alikuwa akilala kwa jirani lakini akishinda nyumbani kwake mchana, hakumfungulia mlango. Nazeli alikaa kwenye benchi la nje saa nne nzima, akaondoka. Alhamisi ya pili ilikuwa hivyohivyo, ila kiasi cha saa nane mchana mlango ulifunguliwa kidogo, mkono ukatoka na kikombe cha kahawa, ukakiweka kizingitini, mlango ukafungwa. Ya tatu, sauti kutoka ndani ilisema, "Kama umekuja kukaa tu, kaa. Kama umekuja kufanya kazi, yale masanduku ya dari hayashuki yenyewe."

Kwa wiki tano waliikusanya nyumba ile. Nazeli alishusha masanduku, akafungua milango ya kabati la ukutani alilolitengeneza babu yake Derk, akang'oa vigae vya buluu vya jikoni kimoja kimoja kwa patasi nyembamba bila kuvunja zaidi ya vitatu. Bibi Geeske alisimama juu yake akihesabu vile vitatu. Hawakuzungumza sana. Siku moja niliwasikia wakibishana kama mtu mwenye nyumba mpya anahitaji sufuria kumi na nne, na nikajua mabaya yamepita, ingawa hawakuombana radhi.

Ilibomolewa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Kijiji kizima kilikuja. Mashine ilipougusa ule ukuta wa chumba, haikuhitaji kuusukuma. Ulilala wote kwa pamoja, mzima kama mlango, na vumbi lilipotua tuliona kitanda kingekuwa chini ya nini. Bibi Geeske alitazama kwa muda mrefu. Kisha akatafuta mkono wa Nazeli bila kugeuka, akaushika kwa nguvu mpaka nikaona vidole vya Nazeli vikibadilika rangi, wakabaki hivyo mpaka mashine ilipozimwa.

Kasri lilimrudishia kalenda yake mwaka uliofuata. Van Heemswijk alikuja mwenyewe kumwambia, na nasikia alikunywa vikombe viwili vya kahawa kabla ya kufika kwenye jambo lililomleta. Bungeni ilikubaliwa kwamba mke wa mwanamfalme anaweza kuwa mlezi wa chama cha wahandisi wa majengo, mradi asihutubie. Nazeli alikubali. Huhudhuria kila mkutano wao, hukaa mstari wa mbele, na wale wazee wamejifunza kuusoma uso wake wanapoonyesha michoro yao. Mimi nilirudi kufundisha, Loppersum, watu wazima waliotoka nchi nyingine. Ninawafundisha kitenzi kinakokaa.

Bibi Geeske alipata nyumba ya mbao, nyepesi, yenye miguu ya chuma inayoyumba ardhi ikitaka kuyumba. Kamati ya kijiji ilitaka bintimfalme aje aifungue rasmi, na utepe, na bendi ya tarumbeta. Bibi Geeske alikataa katakata.

"Huyo si wa kufungua," alisema. "Huyo ana ufunguo."

Siku ya kwanza Nazeli alipoingia, alizunguka vyumba vyote akigonga kuta kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akapiga magoti kutazama viungo vya chini, akainuka.

"Haya, sema," Bibi Geeske alimwambia, mikono kiunoni. "Ikoje?"

Nazeli alipangusa magoti. Akamjibu kwa Kigroningen, neno kwa neno, kwa lafudhi ya Gyumri ambayo hakuna mchekeshaji angeiweza:

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

Bibi Geeske alicheka mpaka akalazimika kukaa, na ilibidi nitengeneze kahawa mimi.